Memori Ndani ya Majivu

Mdomo wangu huu utaniua siku moja. Mke wangu huniambia hivyo kila wiki nami hucheka. Lakini asubuhi ile Mama Kaari alipoingia dukani kwangu hapa Siakago na ndoo yake ya kifuniko, nilijua kicheko kimeisha.

Mama Kaari, jina lake Ciakuthii, ni mfanyabiashara wa ndengu kule Ishiara. Wenzake huwauzia madalali wa lori hata kabla ya kuvuna. Yeye huanika, hupepeta, huchanganya na majivu yaliyochekechwa ili wadudu wasiingie, halafu hukaa kimya miezi minne. Bei ikipanda, ndipo anafungua. Ameishi hivyo tangu mumewe afariki, na sijawahi kusikia amepata hasara.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Mwaka jana memori, vile vibao vidogo vya kumbukumbu vinavyochomekwa ndani ya kompyuta, zilianza kuadimika. Kampuni kubwa za ng'ambo, hizi za akili bandia, zilizoa kila kitu viwandani, sisi wa huku tukabaki kugombania zilizotumika. Kila nikipiga simu Nairobi, bei imepanda. Mama Kaari alikuwa ameleta simu yake nibadilishe kioo, akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza. Halafu, kwa kujitia mcheshi, nikaongeza kwamba siku hizi memori ndiyo ndengu, na mwenye kuweka atakula.

Hakucheka. Alisema akiba haiozi, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alirudi ameuza magunia yote, hata lile la kula nyumbani. Nilimsihi abakize angalau pesa za hilo moja, nyingine ndizo tununulie memori. Akaniuliza kama nina uhakika bei itapanda. Nikasema ninao. Uhakika gani, mimi Nthiga ninayekisia hata mvua? Nikamwagizia memori arobaini za laptop, nikazijaribu moja moja, zote nzima. Nikamwambia aziweke mahali pakavu, zisipate unyevu. Sikumwambia asizitoe kwenye vimfuko vya plastiki zilivyokuja navyo, maana nani angefikiria kuzitoa?

Mvua ikakataa. Ishiara watu walipanda mara mbili, na mara zote mbili ndengu zilikauka zikiwa na majani mawili. Kila Jumapili baada ya kanisa Mama Kaari alinipigia kuuliza bei. Imepanda, mama. Imepanda tena. Yeye akasema tungoje kidogo. Kisha nikasikia kwa binti yake Kaari kwamba nyumbani wanakula mara moja kwa siku, na kuanzia hapo chakula changu mwenyewe kikawa hakishuki. Nikamtafutia mnunuzi, Mwalimu Murungi, aliyekuwa akifufua chumba cha kompyuta cha shule yake. Nikamwambia Mama Kaari azilete asubuhi ile, Mwalimu angefika saa sita.

Basi nikafungua ile ndoo. Majivu matupu.

Nikaingiza mkono, nikatoa memori nyeupe pe kama kiazi kilichochomwa jikoni. Mama Kaari akanieleza kwa fahari. Vile vimfuko aliona vinatoa jasho, akavitupa. Akaanika memori siku mbili juu ya turubai la nailoni, akazisugua moja moja kwa sweta kuukuu, akazifukia kwenye majivu.

"Hakuna mdudu hata mmoja, fundi," alisema.

Kwa ukavu huu wetu wa Mbeere, ukivua sweta unasikia inatatarika na kukuchoma. Huo umeme mdogo unaua memori bila kuacha alama yoyote. Nayo majivu hula yale meno yake ya dhahabu. Nilichukua brashi, spiriti na raba ya penseli, nikaanza kusafisha.

Ya kwanza nilipoichomeka, laptop ililia mlio mrefu, kioo kikabaki cheusi. Mama Kaari akauliza kama bado inaamka. Nikasema ndiyo, inaamka. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pia. Ya nne ikawaka, nikajikuta nasema asante Mungu kwa sauti. Ya tano ikafa. Tuliendelea hivyo, yeye akishika kiti kwa mikono miwili, hadi ndoo ikabaki majivu tu. Nzima zilikuwa sita.

Mwalimu Murungi akapiga simu akiwa njiani. Nikamwambia ukweli. Akapumua, akasema chini ya kumi hazitoshi hata mafuta ya gari lake, afadhali ageuze. Nikamwomba anipe dakika moja.

Mama Kaari hakulia wala hakunilaumu. Heri angenitukana. Alichukua memori moja iliyokufa, akaipangusa kwa leso, akaitazama pande zote mbili.

"Nthiga," aliniita, "ndengu zikikosa bei, sisi huzipika tukala. Hizi nitawapikia watoto vipi?"

Nina laptop nne dukani, kila moja na memori yake moja ndani, zile watu huja kujazia fomu. Ndizo hulisha nyumba yangu. Mteja mmoja alikuwa kwenye mojawapo, akiandika jina la baba yake. Nikamwambia Mwalimu kwenye simu zimefika kumi, aje. Kisha nikainama, nikachomoa nyaya zote ukutani, nikachukua bisibisi.