Kiingereza cha Kizee Katika Daftari la Mume Wangu

Tarehe 6 Novemba 2012, Jumanne, nilimpoteza mume wangu. Moyo wake ulisimama akiwa kwenye usukani, nje ya nyumba alikofanya kazi ya udereva huko Al Rayyan, Qatar. Walipomkuta, injini ilikuwa bado inanguruma na kiyoyozi kinapuliza.

Mimi nilikuwa dobi wa hoteli mjini Doha, upande wa shuka. Yeye kwa miaka minane alimwendesha mzee mmoja Mwingereza, mhandisi aliyestaafu, aliyekuwa akiishi kwa binti yake. Mzee huyo alizungumza Kiingereza ambacho shule zetu za Kenya hazikutufundisha: maneno ya mtaani ya ujana wake, ambayo hata wajukuu wake walikuwa wameshayaacha. Mume wangu hakuona haya kuuliza. Alinunua daftari, akaliweka kwenye kijidroo cha dashibodi, na wakisimama kwenye taa nyekundu aliuliza neno na kuandika maana yake kwa Kiswahili.

Siku za mapumziko alikuja kunijaribu.

"Mama, leo shuka zimekufanya nini?"

"Zimenichosha."

"Hapana. Sema uko 'knackered'. Ni farasi aliyevuta mizigo mpaka hafai tena, anangoja kuchinjwa."

"Kwa hiyo mimi ni farasi."

"Farasi wa shuka. Mimi ni wa foleni."

Alipofariki, mwenyekiti wa kikundi chetu Wakenya cha kufa na kuzikana aliandika wasifu. Kwetu mtu hazikwi bila kusomewa wasifu, na karatasi hiyo ingesomwa mara mbili: kwanza kwenye ibada ya Ijumaa kanisani pale Mesaimeer, kisha nyumbani Kenya, kaburini. Alhamisi alikuja kunionyesha. Nilifika kwenye mstari wa elimu nikakuta marehemu alihitimu diploma ya uchukuzi.

"Hii si kweli," nikamwambia. "Alimaliza darasa la saba. Kama mimi."

"Shemeji, wasifu hupambwa kidogo. Kila mtu hufanyiwa hivyo. Unataka watu wasikie nini?"

"Wasikie darasa la saba."

"Tunamwondolea marehemu aibu."

"Aibu gani?"

Alinitazama vile watu wanavyomtazama mjane, akakunja karatasi yake na kuondoka. Nilijua hatabadilisha kitu.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mzee Mwingereza aliletwa na binti yake, akaketi karibu na mlango na kofia yake magotini. Mwenyekiti alisoma, na ile diploma akaisoma kwa sauti kubwa kuliko mengine yote. Nikasimama. Mjane kwetu hazungumzi. Hushikwa na wanawake wawili, na mtu mwingine husema kwa niaba yake. Hao wawili walinivuta kitenge.

"Keti, mama."

Sikuketi.

"Huyo mnayesomewa mimi simjui," nikasema. "Niliyeolewa naye alimaliza darasa la saba."

Mtu nyuma yangu akanong'ona kwamba huzuni imenipanda kichwani.

"Shemeji, tunaelewa uchungu wako," mwenyekiti akasema.

"Uchungu ni wangu. Na mume alikuwa wangu. Nipeni dakika tano."

Nikatoa mkobani daftari lake lililokutwa kwenye gari, nikalifungua. Nilisoma kama alivyoandika, pamoja na makosa yake. "Donkey's years": miaka mingi mno, kama yangu mimi hapa Doha. "Spend a penny": kwenda haja, kwa sababu vyoo vya mjini Uingereza zamani vilikuwa vya kulipia senti moja. Dereva mmoja akauliza, "Na asiye na senti?" Watu wakacheka msibani, mimi nikaendelea. Mzee hakujua Kiswahili, lakini kila lilipotajwa neno lake aliinua kichwa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na neno moja tu, "popped his clogs". Nikalisoma hilo pia: "Maana yake amekufa. Wafanyakazi wa viwandani walivaa viatu vya mbao. Mtu akifa, watu wake waliviweka rehani, kwa sababu hatembei tena. Mzee anasema hana hakika kama ndivyo neno lilivyoanza. Hata mimi sina."

Hakuna aliyecheka.

"Huyo ndiye mume wangu," nikasema. "Aliuliza, akaandika, na asilolijua aliandika kwamba halijui. Mtu wa namna hiyo hamwezi kumvika diploma akiwa amelala, hawezi kukataa."

Mwenyekiti akasema tuendelee na sala. Hakufuta chochote. Baada ya ibada nilimfuata mezani, nikaichukua karatasi, nikaukata mstari wa diploma kwa kalamu na juu yake nikaandika darasa la saba.

"Shemeji, umeiharibu nakala."

"Chapa nyingine."

"Leo Ijumaa, maduka yamefungwa, nitachapa wapi?"

"Basi itaenda hivi hivi."

Nilisafiri na jeneza, karatasi ikiwa kwenye mkoba wangu. Siku ya mazishi aliyesoma ni mdogo wa marehemu, mwalimu wa sekondari. Alipofika kwenye ule mstari aliinua kichwa, akanitafuta kwa macho kati ya wanawake. Sikuinamisha kichwa. Akasoma, "Alimaliza darasa la saba," kisha akaanza kutaja majina ya watoto wetu.