Mrushaji na Simu Yake

Kila anapotaka kurusha mpira, yule kijana wa mtaa wetu hulamba kwanza ncha za vidole. Magazeti yalisema timu zote za mpira wa Kimarekani zinautaka mkono ule, na kwamba timu zikianza kuchagua wachezaji wapya, yeye hatavuka kumi wa mwanzo. Alhamisi, siku ya kwanza kati ya tatu za uchaguzi huo, tulijaa uani kwao, kamba wa mtoni wakichemka, kamera tatu zikimkodolea macho. Hakuna timu iliyompigia simu kumchukua. Ijumaa zilikuja kamera mbili. Jumamosi, siku ya mwisho, tulibaki sisi na keki yenye rangi za timu iliyokwisha kumchukua mwingine. Simu ikaita. Akalamba vidole, akasimama.

"Mwanangu, najaribu tu kama inaita," shangazi yake Earline akasema kutoka jikoni.

"Inaita, shangazi. Asante," akamjibu kwa upole, kama alivyomjibu mara nne za mwanzo.

"Earline, simu yako naitia sufuriani na hao kamba!" akafoka mjomba Alcide.

Nafasi za kuchaguliwa zikabaki tatu. Tukaanza kukunja viti, nami nikaikata keki, isije ikaharibika bure. Simu ikaita tena. "Mwambie shangazi inaita!" tukapiga kelele, tukacheka. Yeye akalamba vidole, akaziba sikio la pili ili kelele zetu zisimsumbue. "Ndiyo, kocha," akasema. "Nashukuru, kocha." Tulipoelewa, tulimshangilia kwa midomo iliyojaa keki ya timu nyingine. Akatabasamu, akauliza kama amebakishiwa kipande. Cha mwisho kilikuwa mdomoni mwangu.