Kinu cha Ghorofa ya Saba

Enzi zetu pale South Beach, mtaa wa ufukweni huku ugenini, mgeni hakupiga simu kabla ya kuja. Alishuka tu kwenye basi na mabegi yake, akauliza kwa Mama Neema ni wapi, na mtu akamwonyesha jengo letu. Neema ni mimi. Mama alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka kwetu Uvira kuhamia jengo lile, basi chumba chetu kimoja cha ghorofa ya saba kikawa cha kila aliyefika. Watoto tulilala sakafuni tumebanana, harufu ya mawese puani, tukicheka mpaka baba akohoe kile kikohozi chake cha kutunyamazisha.

Desturi ya mama haikuvunjika: mgeni hula sombe, yaani majani ya muhogo, siku ya kwanza, tena iliyotwangwa nyumbani. Lakini kinu ghorofani kinamtikisa kila anayeishi chini. Msimamizi wa jengo alishatuonya kwamba akisikia tena ule mshindo, tutafungasha siku hiyohiyo. Nasi hatukuwa na pa kwenda.

Jumamosi moja akaingia mwanamke mmoja na watoto wake, wamechakaa kwa safari. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda magari ya watu barabarani, alimsihi mama anunue mkate tu.

"Mugeni wa kwetu hatakula mukate siku ya kwanza," mama akasema.

Akakunja blanketi, akaweka kinu juu yake, akaanza kutwanga polepole. Sisi tulitega masikio mlangoni.

Tukasikia viatu kwenye korido, kisha ngumi mlangoni. Mama akasukuma mchi chini ya kitanda, akaketi juu ya kinu, akatandaza kitenge chake. Msimamizi akaingia bila kukaribishwa, akauliza kelele ni za nini. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, mama akajibu kwamba ni watoto wanacheza. Kisha akatugeukia na kusema kwa sauti tamu ya kubembeleza, "Murukeruke, ao tutalala inje."

Tuliruka. Hata watoto wa mgeni, ambao hatukujua majina yao, waliruka huku machozi yakiwatoka. Yule bwana akatukaripia wee, akatuamuru tukacheze ufukweni, akaondoka. Baba alikaa sakafuni. Mama akaomba mchi wake.

Siku hizi sombe inatoka kwenye friza imeshasagwa, na watoto wanaisukuma pembeni ya sahani wakisubiri piza. Nina nyumba Westville, vyumba vinne na bustani, na mama anaishi nami. Juzi mezani nilisema kuna familia ya kwetu inafika wiki ijayo. Binti yangu akachomoa kidude chake cha muziki sikioni.

"Eish, mama. Watalala wapi? Na wataondoka lini?"

"Usijali," nikamwambia, "nimeshawatafutia gesti Glenwood."

Mama akaacha kula. Hakumtazama mjukuu wake, alinitazama mimi.

"Na kule, nani atawapikia?"

Chumba kile kimoja hakikuwahi kukosa nafasi ya mgeni, na mimi mwenye vyumba vinne nilikuwa nimeshalipia gesti.