Siku Bibi Alipokwenda Kuikagua Ndege

Wiki iliyopita nilimpeleka mgeni kiwanja cha ndege, na wakati wa kurudi nikapotea. Usinicheke. Mimi mzaliwa wa Maskati, nimekulia mtaa wa Hail, lakini barabara za huku siku hizi ukilala ukiamka zishabadilika. Nilikata kona isiyokuwa yangu, nikazunguka nyuma ya uwanja wa zamani, mara nikajikuta mbele ya uzio wa waya ambao sikuwa nimeuona tangu utoto wangu. Nyuma ya uzio lilikuwapo banda kubwa la bati, milango iko wazi, ndani tupu kabisa, njiwa wanaingia na kutoka. Nikazima gari, nikashusha kioo. Joto lote likaingia, nami nikakaa hapo hapo.

Ndani ya banda hilo ndimo tulimompeleka bibi yetu, mama yake baba, akaone ndege zinavyotengenezwa.

Nyumba yetu ya Hail ilikuwa karibu na bahari, na ndege zilipita juu ya paa letu zikishuka kwenda kutua. Sisi watoto tulizizoea kama tulivyozoea adhana. Bibi hakuzizoea. Asubuhi alikuwa akikaa barazani, sinia mapajani, akichambua mchele au akitoa kokwa za tende, na kila ndege ikipita mikono yake ilisimama. "Ya Latifu," alisema kwa sauti ya chini, akangoja mpaka mlio umalizikie upande wa pili, ndipo akaendelea na kazi yake. Tulikuwa tukimuiga nyuma ya mlango, na mama akitukanya kwa macho.

Nyumba nzima iliendeshwa kwa mkono wa bibi. Vitumbua vya Ijumaa, mkate wa kumimina, mchuzi wa papa uliotuvutia jikoni kabla ya kuitwa. Baba alikuwa akiagizwa soko la Matrah kwenda kutafuta nazi nzima, kwa kuwa nazi ya kopo bibi aliiita maji ya kuoshea vyombo. Skuli tulisema Kiarabu, mitaani Kiarabu, lakini ukivuka kizingiti cha jiko lake ni Kiswahili tu, tena Kiswahili cha Unguja. Ukichanganya, anajifanya hakusikia mpaka urudie.

Bibi alipanda ndege mara moja tu maishani mwake, siku alipohama Unguja kuja Maskati, baba akiwa mtoto mchanga. Baada ya hapo hakupanda tena. Hata Hija alikwenda kwa basi, akakata jangwa lote lile, akarudi miguu imevimba na furaha tele. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi na ndege basi."

Jambo hilo lisingekuwa na uzito lau si mdogo wake. Bibi alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike aliyebaki Unguja, na kila Ijumaa walizungumza kwa simu kwa kupiga kelele, kama wanaitana kutoka ng'ambo mbili za mto. Mwaka mmoja, mimi nikiwa mtoto mdogo, macho ya yule mdogo wake yalianza kuharibika. Siku moja tulimsikia sote, maana simu ile ilikuwa haina siri.

"Njoo, dada. Daktari kashanambia haya macho hayakawii. Nnataka nikuone mwenyewe, si kuambiwa tu kwamba umekuja."

"Inshallah," bibi akamjibu. Na sisi tuliijua inshallah yake ile. Maana yake hapana.

Baba akambembeleza, akakasirika, akambembeleza tena. Wapi. Ndipo ami, mdogo wake baba, akatoa shauri. Yeye alikuwa fundi katika karakana ile ya ndege, na mara moja kwa mwaka jamaa za wafanyakazi waliruhusiwa kuingia, wakatembezwa karakana nzima na makumbusho madogo yaliyokuwa ubavuni.

"Mama anaogopa kwa kuwa hajui ndege ni kitu gani," ami alisema. "Tumpeleke akaione imefunguliwa tumbo."

"Akiiona imefunguliwa tumbo ndio hapandi tena milele," mama akamjibu.

Kwa mshangao wetu bibi alikubali mara moja. Alitaka kuona mwanawe anashinda wapi kutwa nzima hata anarudi na nguo zisizotakata. Alfajiri ya siku hiyo nyumba ilinukia iliki na mafuta ya moto. Alikaanga vitumbua na sambusa, akajaza birika la kahawa, akafunga na tende. Vyote hivyo, alisema, ni vya vijana wa watu wanaoshinda na njaa chini ya mabati.

Tulipokelewa mlangoni na kijana mmoja mrefu, mwembamba, amevaa ovaroli ya buluu iliyompwaya. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kututembeza. Tulikuwa familia kadhaa, naye akatueleza kwa Kiarabu kizuri cha skuli tusiguse kitu bila ya ruhusa na tusipite mstari wa manjano. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nilivyodhani, sakafu inang'ara, harufu ya mafuta na rangi mbichi na mpira. Katikati ilisimama ndege, injini yake moja imetolewa na kulazwa pembeni, nyaya zinaning'inia pale ilipokuwa. Bibi aliitazama injini, akamtazama kijana, akaninong'oneza:

"Mwembamba kama ufito. Huyu ndiye anayebeba madude haya?"

Yule kijana akamaliza sentensi yake ya Kiarabu, akageuka, akasema kwa Kiswahili laini kabisa:

"Injini inabebwa na winchi, bibi. Mimi nabeba chai tu."

Ami alicheka hata akashika ukuta. Bibi alijifunika mdomo kwa leso yake, mabega yanamtikisika.

"Kumbe wetu! Kwenu wapi, mwanangu?"

"Mama yangu kazaliwa Unguja mjini, mtaa wa Ng'ambo, bibi. Mimi nimezaliwa hapahapa, Wadi Kabir."

Tangu hapo ziara ikawa ya lugha mbili. Kila alichokieleza kwa wengine alikirudia kwa bibi, na bibi akamshika kwa masuali.

"Ukishakaza parafujo, nani anakuja kutazama kama kweli umekaza?"

"Mwenzangu, bibi. Na baada yake mwengine tena."

"Na kama huyo mwenzako mmegombana?"

"Ndio atatazama vizuri zaidi, apate cha kunisema."

Bibi akaitika kwa kichwa, jawabu limemridhisha. Akaomba kugusa bawa, akaruhusiwa. Akaweka kiganja chake pale juu, akakiacha kwa muda, kama anavyompima mtoto homa. Nilimwona baba akimkonyeza ami. Dawa inafanya kazi.

Kisha tukaingia makumbusho. Kilikuwa chumba kimoja kirefu: picha za viwanja vya zamani vya vumbi, kofia za marubani ndani ya vioo, pangaboi limetundikwa ukutani. Nje, chini ya kivuli cha bati, ilikuwapo ndege nzee ya mapangaboi mawili, imewekewa ngazi ili watu wapande waione. Bibi alisimama.

"Ndiyo hii iliyonileta," akasema.

Kijana akamwambia kwa upole kwamba si ile ile, ila ni ya aina ile. Bibi alikwishaifikia ngazi. Akanishika bega, akapanda.

Mle ndani mlikuwa na joto na harufu ya vumbi na kitambaa kikuukuu. Alipita viti vya mbele, akakaa kimoja cha dirishani, nami nikakaa ubavuni mwake, miguu yangu haigusi chini. Baba alisimama katikati ya viti ameinama, dari fupi. Akaona wakati wake umefika.

"Umeona, mama? Na hizi za sasa ndio kubwa zaidi, imara zaidi. Hakuna cha kuogopa."

"Nani kakwambia mimi nnaogopa ndege?"

"Sote tunajua, mama."

"Hamjui kitu." Alikuwa akitazama nje ya dirisha, na nje palikuwa na ukuta tu. "Ndege ilinileta salama. Wewe umelala mapajani mwangu, hata hukulia. Ndege haikunifanya kitu mimi."

Nikamuuliza mimi, kwa kuwa mtoto haoni haya: "Na ile Ya Latifu ya kila siku?"

"Nnawaombea waliomo. Wamo watu mle wametoka kwao."

Baba akakaa juu ya mkono wa kiti. Bibi akaendelea, si kwa huzuni, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitolea khabari za sokoni.

"Nilipopanda, mama yangu alikuja kunisindikiza. Nikamwambia mwakani nnakuja. Wakafunga mlango. Basi mwakani haikuja, mambo yalikuwa vile yalivyokuwa, na yeye akafa mimi niko huku. Khabari ilinifika watu washazika, matanga yashaondoka. Sikumlilia hata vizuri, wewe ulikuwa na surua. Sasa mimi nikiwa hapa Maskati, mama yangu yuko. Yumo nyumbani kwake, anasuka ukili, anawagombeza kuku. Siku nitakapoingia mlango ule nisimkute, ndiyo siku atakayokufa. Kupanda kwangu si kazi. Kazi ni kushuka."

Sikuwahi kumwona baba vile. Alikuwa mtu mzima mwenye ofisi na watu chini yake, na pale aliinamia vidole vyake kama mwanafunzi.  Kisha akauliza taratibu:

"Na aliyepo, mama?"

Bibi akamgeukia.

"Aliyepo anangoja," baba akasema. "Na macho yake hayangoji."

Akarudi kutazama dirishani. Yule kijana alichungulia kutuuliza kama tunataka maji. Bibi akamuuliza mlango wa ndege ile unafungwaje.

"Unavutwa hivi, bibi, kisha mkono huu unashushwa."

"Hebu ufunge."

Akaufunga. Mle ndani mkawa nusu giza, na bibi akakaa ameshika mikono ya kiti, midomo inacheza bila ya sauti. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye, sipumui vizuri kwa ule ujoto. Halafu akasema, "Fungua," akainuka, akashuka ngazi bila ya kushikwa, akaenda kuwagawia mafundi vitumbua.

Njiani kurudi alitazama nje tu. Ami alikata tamaa, nilimwona kwenye kioo cha gari. Tulipokaribia Hail ndipo bibi akasema, kama mwenye kuendeleza mazungumzo:

"Sasa nimshonee nguo gani mdogo wangu? Sijui hata kama kanenepa au kakonda."

Tulikwenda likizo ya skuli, yeye, baba na mimi. Angani alikula chake akala na changu, akalala. Lakini tulipofika Unguja, mlango ulipofunguliwa, alisimama juu ya ngazi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, udongo unanukia. Watu nyuma yetu walingoja, na namshukuru Mungu hakuna aliyetuhimiza. Akashuka moja moja.

Mdogo wake alikuwa akingoja kwenye kizuizi cha wanaopokea wageni, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito. Alimshika bibi mashavu, akamsogezea uso hata pua zikakaribia kugusana, akamtazama muda mrefu, jicho la kulia, jicho la kushoto.

"Umezeeka, dada."

"Na wewe usiyeona umejuaje?"

Wakacheka, na kicheko kikageuka kuwa kilio, na kilio kikawa kicheko tena, mpaka askari wa mlangoni akaangalia pembeni.

Nyumbani kwao bibi alipita ukumbini moja kwa moja mpaka chumba cha mama yake. Kilikuwa kimejaa magunia ya makaa na baskeli ya mtoto. Alikaa chini pale pale mlangoni, akamlilia mama yake kama aliyefariki asubuhi ile. Wanawake wa nyumba na jirani wakaja mmoja mmoja wakakaa naye, hakuna aliyemwambia nyamaza, hakuna aliyesema ni zamani. Mtu akaleta kahawa. Mdogo wake alimshika mguu muda wote. Baba alisimama uani ameelekea ukuta, nami sikumfuata.

Asubuhi yake tuliamshwa na sauti ya bibi jikoni, akiwagombeza watu wazima kwa kutia sukari nyingi kwenye vitumbua.

Alikwenda tena na tena baada ya hapo, mpaka macho ya mdogo wake yakazimika kabisa, na hata yalipozimika. Yule alitangulia. Bibi akamfuata, akazikwa huku Maskati. Baba naye sasa hayupo. Nyumba ya Hail ilivunjwa, pamejengwa ghorofa la kupangisha. Karakana imehamishwa, na ile ndege nzee sijui iko wapi, wala yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi mahali fulani mjini humu, pengine tunapishana sokoni hatujuani.

Nilikaa kwenye uzio mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo, akanionesha njia.

Nilipofika nyumbani nilimkuta binti yangu amelala kochini na simu mkononi. Likizo hii anataka kwenda Unguja, kaona picha. Keshachagua ndege, keshachagua viti, yote kwa kidole kimoja. Akaniuliza kwa Kiarabu, maana Kiswahili anakisikia tu, hakisemi:

"Mama, tukifika nani atakuja kutupokea?"

Nikafikiri. Nikapita Unguja nyumba baada ya nyumba kichwani mwangu, mlango baada ya mlango.

"Tutachukua teksi," nikamwambia.