Jumatano ya Kioko

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nilipokuwa kijana mgeni katika ofisi ya probesheni pale Kikima. Kioko alikuwa amefungwa kwa kuiba mbuzi wa jirani yake, Mzee Nzioka. Alitolewa jela mapema kwa sharti kwamba kila Jumatano aripoti kwetu. Alikuja mara ya kwanza, kisha akapotea. Mkubwa wetu, Mama Syombua, angeweza kumrudisha ndani.

"Niandikie korti?" nikauliza.

"Umefika kwake?"

"Hapana, Mama."

"Sasa utaandika nini, ndoto zako? Chukua kofia."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Njia nzima nilijiuliza: mtu aliyeonja jela anaichezeaje hivi?

Tulimkuta mteremkoni akichimba matuta pamoja na mwethya, kile kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu. Na shamba lenyewe? La Mzee Nzioka! Mzee alikuwa amesimama karibu, hambandui Kioko macho. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Huyu aliwajua mbuzi wangu mmoja mmoja," mzee akatuambia. "Sasa ayajue na mawe yangu!"

Watu wakacheka. Kioko hakucheka, alishatuona.

"Mbona huji?" Mama akamwuliza.

"Mwethya ni Jumatano, Mama. Nikikosa hapa, watasema mwizi amerudia yake. Nikikosa kwenu, ni jela."

"Si ungesema?"

"Siku nilipewa. Sikuulizwa."

Mama akakiri: "Hilo ni kosa letu. Njoo Alhamisi. Lakini ukipotea tena bila neno, nitakuja na polisi, si na huyu kijana."

"Alhamisi ni sawa," Mzee Nzioka akadakia. "Jumatano ni yetu."

Kioko hakukosa Alhamisi, na jela hakurudi. Matuta yale yanashika maji hadi leo.

Mwanangu, sheria ni ya wote, lakini kila mtu ana Jumatano yake. Ukipewa mamlaka juu ya aliyeanguka, uliza kwanza, kisha uwe mkali kwa haki. Na usipopewa mamlaka, mpe nafasi ya jembe kando yako; anayefukuzwa na majirani huikumbuka njia ya jela. Mungu akupe miguu ya kufika kabla ya mkono wa kuandika, na mvua zikukute matuta yako tayari.