Mrunda Usiolia

Baba yangu ni fundi ujenzi Usevya, mbishi kupindukia, na ubishi wenyewe ndio alionirithisha mimi binti yake. Mimi napima vifaa vya ujenzi kwenye maabara moja Mpanda. Alikuwa anataka kumwaga slabu ya kanisa, akanitumia kwa basi kipande cha mrunda, ile miti inayoshikilia zege mpaka likauke. Kipande kifupi kama kigoda, maana konda aliukataa mti mzima.

Nikakiweka kwenye mashine ya kugandamiza. Weee! Kilibeba mzigo mpaka nikarudi nyuma. Nikampigia simu kumpongeza.

"Si nilikwambia?" akacheka. "Jumamosi nasimamisha mirunda mitupu. Hakuna cha kupigilia mbao katikati."

Hapo nikaingiwa na baridi. Mirunda yake ilikuwa na urefu wa kupita mlango, wala si wa kigoda. Na fundi mkuu kule kwetu, kama baba, zege likimwagwa juu, yeye hukaa chini akigonga mrunda mmoja mmoja kwa nyundo na kusikiliza. Ukilemewa, wanasema, utalia kwanza.

"Baba, njoo mwenyewe uone."

Alikuja amenuna, hata shikamoo yangu akaiitikia nusu. Nikachukua ufito mwembamba, nikakata vipande viwili: kimoja cha urefu wa kidole, kingine cha kufika kiwiko. Kifupi kilikaza kweli kweli. Kirefu, mti uleule, unene uleule, hakikufika hata nusu ya mzigo ule. Kilipinda ubavuni, taratibu, kimya. Nilipolegeza mashine kikanyooka kama hakijafanya kitu. Jamani, nimeliona hilo mara nyingi sana, na bado mwili unanisisimka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kisha nikakibana katikati kwa vibao viwili, pande zote mbili. Kikabeba, kikabeba, kikabeba. Baba akavua kofia.

"Mungu wangu. Na hakikulia," akasema polepole. "Mama, mimi ningekuwa chini nasikiliza."

Jumamosi nilikwenda Usevya. Kila mrunda ulikuwa umepigiliwa mbao katikati, huku na huku. Zege likaanza kumwagwa, baba akaingia chini kama kawaida yake. Nyundo alikuwa ameiacha nje. Aligeuka, akaninyooshea mkono.

"Njoo unisaidie kutazama."

Vipimo vilikuwa vyangu. Nikaingia.