Firigisi ya Baba Mkubwa Asava

Nilipokuwa mtoto wa kupoteza meno ya mbele, tulikaa nyuma ya duka la mbao karibu na Dagoretti Corner, ambako baba alikuwa fundi seremala. Mbele palikuwa na duka, juu ya duka nyumba ya tajiri wake, juu ya nyumba paa la simiti lililo bapa kama meza, na nyuma kabisa sisi, pamoja na choo na kuku wa mama. Kutoka mlangoni petu niliona kila kitu. Watu husema mimi ni mmbea. Si kweli, nililelewa mahali pazuri pa kuonea.

Tajiri tulimwita Bwana Jayanti. Mama yake, mjane wa sari nyeupe, aliitwa Ba, ndivyo Wahindi wale walivyomwita mama. Nyumba ile haikugusa nyama, samaki wala yai. Chai yetu ilimiminwa katika vikombe vya bati vilivyotundikwa kwenye msumari nje ya jiko lao, na ndani ya jiko hatukutia mguu. Jambo hilo lilimchoma mama yangu kila siku.

Mwaka huo Nyanya, mama yake baba, alikuja kutoka Maragoli. Kilichomleta ni baba mkubwa Asava, kifungua mimba wake. Asava alifia Nairobi akazikwa Lang'ata, maana mvua zilikuwa zimekata barabara na maiti isingengoja. Kwetu, mtu aliyelazwa ugenini hatulii. Nyanya alikuwa akimwota amesimama mlangoni pa jiko lake, ameshika sahani tupu.

"Ana njaa," Nyanya alisema. "Nimpe nini, na nimpe wapi?"

"Mama, sisi tumeokoka," mama yangu akamjibu. "Wafu hawali."

"Wako hawali. Wangu anakula."

Mama alikuwa ameokoka kweli, lakini usiku hakufagia nyumba, na bundi akilia alimrushia kijinga cha moto. Sijui alidhani bundi huyo ni wa kanisa gani.

Asubuhi moja tukasikia Ba anaita huko juu ya paa kwa mlio wa kunguru: "Kaa! Kaa! Kaa!" Ameweka jani lenye wali uliopikwa kwa maziwa na sukari, na kunguru wanatua. Nyanya akauliza, "Huyo anamwita nani?" Kabla sijajibu alikuwa ameshika ngazi ya nje, mimi nyuma yake.

Ba hakutufukuza. Alitutazama tu, halafu akaeleza kwa Kiswahili chake.

"Kila mwaka, siku kama hizi, sisi napa chakula watu yetu nakufa. Kesho siku ya bwana yangu. Kunguru nakuja, nakula, basi yeye nashiba. Kama kunguru nakataa, yeye nakasirika, nyumba napata shida."

Nyanya aliketi chini palepale. "Kumbe na nyinyi mnajua haya?"

"Wewe iko na mutu nakufa?"

"Kijana wangu. Wa kwanza."

Ba akanyoosha kidole kwenye pembe ya mbali ya paa. "Kesho leta chakula yake. Weka pale. Kitu yeye napenda."

Nimelirudia neno hilo miaka mingi. Kitu yeye napenda. Ba hakusema nyama usilete, kama vile wewe usivyomwambia mgeni asikojoe sebuleni. Na Nyanya hakuuliza, kwa sababu kwetu heshima ni kuku, na firigisi ni ya mwenye boma. Asava alikufa hajajenga boma. Hakuna mtu aliyewahi kumwekea firigisi. Mimi nilijua wenyeji wetu hawali nyama, lakini kwa akili yangu, waliokuwa wanaalikwa ni kunguru.

Kulipopambazuka, mama akiwa kwenye maombi, Nyanya alimkamata jogoo mkubwa wa mama. Jua lilipokuwa limepanda tulikuwa juu, Nyanya na sufuria iliyofunikwa, mimi na ugali. Ba alikuwa upande wake na jani lake, amefunga macho, viganja vimekutana. Nyanya akafunua sufuria, akaweka firigisi juu kabisa.

"Asava, kula, mwanangu. Usinijie tena na sahani tupu."

Kunguru ni kunguru. Walitua wote upande wetu. Mmoja akanyakua firigisi akapaa nayo hadi kwenye nguzo ya simu, na Nyanya akapiga vigelegele, akacheza mabega kama bi harusi. "Amekula! Amekula!"

Ba akafungua macho. Aliona mifupa kwenye simiti yake, manyoya ya kunguru yamekwama kwenye mafuta, na wali wake haujaguswa hata punje. Kunguru mmoja alipita juu ya jani lile, akaukanyaga wali, akarudi kwenye paja la jogoo. Ba hakutukana. Alijaribu kuita tena, "Kaa, kaa," kwa sauti ya mtu anayeita mlangoni huku anajua wenye nyumba wamehama. Kisha akajifunika uso na sari.

Bwana Jayanti alipanda ngazi mbio. "Nyama! Nyama juu ya nyumba ya mama yangu!" Nami nikatazama ndevu zake, maana jioni moja niliziona nyuma ya vibanda vya nyama choma, zikiwa juu ya ubavu wa mbuzi, zinang'aa mafuta. Ilikuwa kweli, na haikutusaidia kitu.

Baba aliomba radhi akiwa amevua kofia. Aliachiwa kazi, lakini chumba tukaambiwa tuhame. Mama alikuwa na lake: "Niliwaambia. Na jogoo wangu pia?"

Jioni hiyo Nyanya aliniita pembeni. "Nenda kamwambie yule mama kesho nitasimama juani na fimbo. Nitafukuza kunguru wote, hadi wa mume wake afike. Wangu ameshashiba. Sasa ni zamu ya wake."

Nilipanda hadi mlangoni. Mke wa Bwana Jayanti alifungua kidogo tu, akasema taratibu, "Toto, enda kwenu. Ba naumwa," akafunga. Nikausema ujumbe wote kwa ule mlango, kwa sauti. Ndani redio ilikuwa inaimba. Nikashuka.

Tulihamia Kawangware, na pale kwenye ngazi wakatia geti la chuma. Nyanya akarudi Maragoli, na Asava hakumjia tena na sahani. Lakini kila nilipokwenda kumwona aliuliza, "Yule mama, mume wake alikula?" Baadaye akina Jayanti waliuza duka wakahamia Uingereza kama wengi wao, na watu wa Dagoretti Corner wakasema ni hasira za yule mzee aliyekosa wali. Labda. Mimi nilisikia pia habari za pasipoti zao za Uingereza.

Sasa nakaa kwa binti yangu, kwenye fleti karibu na Adams Arcade. Tuko watu wa kila namna, tunasalimiana kwenye lifti. Kamati imepiga marufuku kuchinja kwenye ua, ubani kwenye ukumbi, maombi ya kelele na kulisha ndege. Binti yangu anasema ndiyo maana tunaishi kwa amani, na kweli hatugombani. Lakini mlango wa pili kuna mjane, nami simjui hata marehemu wake alipenda kula nini.

Ba alinyoosha kidole akamwonyesha mama mgeni pembe ya paa lake, ingawa jikoni asingemruhusu. Nadhani hakufanya hivyo tena. Nadhani alikufa akiamini kwamba sisi tulimnyima mumewe chakula, wala hakujua kwamba chini ya ngazi zake kulikuwa na mama mwenzake, ameshakata fimbo, anangoja kuitwa.